Mbuzi Hana Kosa

Kuna maneno yanasemwa kila Jumamosi jioni kwenye nyua za Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Iyunga: "Mbuzi wa siku hizi wagumu, bwana." Anayesema ameshika kipande cha paja, nje cheusi kama sufuria ya msibani, ndani bado chekundu, saa moja na nusu usiku, baridi imeshaingia mifupani na watoto wamelala na njaa zao. Jamani. Mbuzi wa watu alikuwa anajilia majani kwa amani. Mwacheni. Aliyeharibu ni yule aliyewasha mkaa saa kumi na moja.

Na kwa nini aliwasha saa kumi na moja? Kwa sababu Jumamosi ya mtu mzima imejaa vitu. Kuna nguo za wiki nzima, mtungi wa gesi umeisha, luku inalia, mtoto anatakiwa kunyolewa, na foleni ya Mwanjelwa haimwonei mtu huruma. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo usiseme: ni usafi, na sehemu nyingi maduka hayafunguki mpaka saa nne. Sawa, nakubali, kazi ni nyingi. Lakini choma ndiyo kazi pekee ya siku hiyo isiyokubali kufupishwa, halafu ndiyo tunayoisukuma mwisho.

Hesabu ianze na saa ya kula, irudi nyuma. Mwezi wa sita na wa saba huku jua likizama, ndani ya nusu saa kila mtu anatafuta sweta, kwa hiyo chakula kiwe mezani saa kumi na moja jioni. Nyama ikitoka motoni inapumzika robo saa kabla ya kisu. Paja la mbuzi la kilo mbili linataka saa moja na nusu. Mkaa unataka dakika arobaini. Jumlisha mwenyewe: kiberiti kinawashwa saa nane na nusu mchana. Sio saa tisa "tukishamaliza kula kidogo".

Nyama yenyewe inunuliwe Ijumaa. Mnyama akichinjwa, baada ya saa chache misuli inakakamaa, na inaanza kulegea baada ya kama siku nzima. Ukichukua mbuzi wa alfajiri ukamchoma saa tisa mchana umemkuta katikati ya kukakamaa, na hapo hata uwe fundi namna gani utatafuna mpaka taya ziume. Chukua Ijumaa jioni, kagua muhuri wa mkaguzi, ilale kwenye friji. Friji, sio friza. Nyama iliyochinjwa muda mfupi ikitupwa kwenye friza inajikunja kwa baridi kabla haijalegea, na ugumu huo hautoki tena. Paja na mbavu ndiyo nyama ya wavuni. Shingo na miguu ipeleke kwenye supu, usilazimishe. Kwa watu kumi kilo tano zenye mifupa zinatosha, kama kuna ndizi na ugali pembeni. Kama kuna mashemeji, sita.

Sasa moto, ambao ndio ugomvi wangu wote.

Mkaa hauchomi kwa miali, unachoma kwa joto la makaa. Mwali ukiuona, maana yake mkaa bado unatoa gesi na moshi wake, na vyote vinapanda kwenye nyama. Watu wa huku tumezungukwa na mkaa wa kila aina, lakini tunanunua kama tunanunua mchanga. Wa miombo, ule wa kutoka upande wa Chunya, ni mzito na unakaa. Wa miwati kutoka Njombe ni mzuri sana. Wa msindano ni mwepesi, unawaka kwa mbwembwe na baada ya nusu saa umebaki majivu. Chukua vipande viwili ugonganishe: mkavu unalia kama kigae, wenye unyevu unatoa sauti ya kufa, kama unagonga mhogo. Wenye unyevu ndio ule unaorusha cheche mpaka kwenye suruali ya mgeni. Kipindi cha mvua karibu wote uko hivyo, kwa hiyo usiache gunia likae kwenye sakafu ya saruji. Weka mbao chini. Kwa kilo tano za nyama andaa debe moja.

Kuwasha: panga magunzi ya mahindi makavu manne au matano na karatasi chini, rundika mkaa juu yake kama kichuguu, washa kwa chini, halafu ondoka. Ondoka kweli, kaanue nguo. Usikae hapo kupepea kama una mapepo, kwa sababu kupepea kunawasha vipande vya juu tu, vya chini vinabaki vyeusi, na hivyo ndivyo vitakavyokutolea moshi nyama ikishawekwa. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, mkaa unachukua muda wake. Ukiona kichuguu chote kimevaa majivu ya kijivu na katikati kuna wekundu, hapo umeshika.

Mafuta ya taa? Mkaa una vinyweleo, mafuta yanazama ndani na kutoka taratibu, ndiyo maana nyama inanukia kibatari. Wapo wanaosema ukisubiri mpaka mkaa wote uwe wa kijivu harufu inaisha. Ni kweli. Lakini mtu mwenye subira hiyo asingemimina mafuta ya taa tangu mwanzo. Na anayewashia mfuko wa plastiki asinialike.

Mkaa ukishashika usiusambaze jiko zima. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wenye majiko ya maana. Usogeze wote upande mmoja, theluthi mbili ya jiko, theluthi iliyobaki iwe tupu. Weka kiganja juu ya wavu, kimo cha kikombe cha chai, uhesabu taratibu: ukitoa mkono kwa mbili, hapo ni pa kukaushia ngozi ya nyama tu, ukifika tano au sita, hapo ni pa kuivishia. Paja linaanza upande usio na mkaa, mfupa ukielekea motoni, linageuzwa kila dakika kumi na tano, linakuja kwenye moto mkali dakika kumi za mwisho. Anayeanza na moto mkali anaunguza nje ikawa ukoko mweusi kabla joto halijafika ndani, halafu anamlaumu mbuzi. Mafuta yakidondoka na mwali ukapanda, sogeza nyama. Usimwage bia. Bia inarusha majivu juu ya chakula, na ni bia.

Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kilo, ipakwe asubuhi. Ndimu mwishoni, nyama ikilala usiku kucha kwenye ndimu, juu inakuwa kama chaki. Kitimoto hakuna cha "nusu nusu", tegu wapo, kiive mpaka kwenye mfupa. Ndizi za Tukuyu chagua zilizokomaa ambazo bado kijani, choma na maganda yake. Viazi vichemshwe mapema kabla ya kuja wavuni, maana Mbeya iko juu, kama mita 1,700 hivi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Ukisubiri viive kwa muda wa Dar utangoja. Kachumbari ikatwe nyama ikiwa inapumzika, sio saa nne asubuhi.

Kuhusu jiko, nusu pipa la lita 200 bado halina mpinzani, ila lisiwe lililobeba kemikali, na likatwe baada ya kuoshwa na kujazwa maji, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki ndani unalipuka ukikutana na cheche za grainda. Liwashie moto mkali tupu mara moja kabla ya kulitumia. Fundi akikupa wavu wa uzio wenye zinki, kataa. Zinki ikipata joto kali inatoa moshi wenye sumu. Mwambie akupangie nondo za milimita nane, nafasi ya kidole kimoja, zikae shibri moja juu ya mkaa.

Na nguo. Ugomvi wa nusu ya ndoa za huku unatokana na moshi wa jiko kuingia kwenye mashuka. Nguo zifuliwe saa moja asubuhi, maji ya baridi hayo hayo, jinzi na mablanketi yaanikwe kwanza, zianuliwe kabla ya saa nane na nusu. Kama haziwezi kukauka, rusha majivu kidogo hewani uone upepo unayapeleka wapi, jiko likae upande huo.

Kitu kimoja sitaki utani nacho. Wageni wakishaondoka, makaa bado mekundu, baridi kali, mtu anabeba jiko anaingiza chumbani "lipashe joto kidogo" na kufunga dirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, na haimkohozeshi mtu akaamka. Huku kwetu hiyo imeua familia zikiwa zimelala. Usiingize. Hata kwa dakika kumi, hata mlango ukiwa wazi. Ongeza blanketi.

Makaa yaliyobaki yafunikie ndani ya ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, nje, mbali na ukuta wa mbao, yazimike yenyewe kwa kukosa hewa. Ukiyamwagia maji umeharibu mkaa na unaweza kupinda bati la jiko. Yaliyozimwa kwa kufunikwa yanawaka upesi kuliko mkaa mpya, na Jumapili asubuhi yanatosha sufuria mbili za maji ya kuoga.