Wasiokopa nao wanasumbuliwa

Kuna mwandishi wa makala anayewalaumu wanaochukua mikopo ya mtandaoni kwa kutosoma masharti. Sawa, lakini mimi sijakopa popote, mbona nilitumiwa meseji kwamba jirani yangu ni tapeli? Programu za simu zinazotoa mikopo hiyo huchota namba zote zilizo kwenye simu ya mkopaji, deni likichelewa wanatangaziwa mpaka wakwe, bosi na fundi friji. Kwa shilingi elfu hamsini tu! Jirani kajitoa hadi kwenye kundi la kikoba kwa aibu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zisizo na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Basi wenye programu hizo wafikishwe mahakamani, tuwaone.