Ngome Yenye Miguu ya Punda

Huku Lamu, nikitaka fremu ya maana naenda Langoni kwa ami yangu. Ni mwalimu wa msingi aliyestaafu, useremala kajifunza mwenyewe, na biro nyekundu mpaka leo haijamtoka mfukoni.

Nilimpelekea picha niliyopewa na rafiki yangu mchoraji. Ngome yetu, hii iliyokamilika 1821, imeota miguu minne ya punda na inateremka kwenda baharini, mlango wake ukipiga miayo. Nikamwambia huo ni usurialisti, sanaa ya mambo ya ndotoni, wenyewe walitoa ilani yao Paris mwaka 1924. Ami akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii ilikuwa jela mpaka 1984. Ingekuwa na miguu, wafungwa wangengoja nini? Si wote wangekuwa Manda wanakunywa madafu!"

Nikamwachia. Chini pembeni mchoraji alikuwa ameandika kwa penseli 12/50, yaani nakala ya kumi na mbili kati ya hamsini. Zikishatimia hizo, bao la kuchapia hukwaruzwa isitoke nyingine, na hapo ndipo bei inapopanda. Kwenye pembe ya pili ya chini kulikuwa na sahihi yake, nayo ya penseli. Chapa za namna hii ndivyo zinavyotiwa sahihi.

Ijumaa baada ya swala nikaenda kuichukua. Fremu ya mvule, pembe zimebana hata wembe haupiti. Kutazama chini, 12/50 haipo! Imepigwa raba, na chenga za raba zimebaki ndani ya kioo. Mahali pake, kwa biro nyekundu: 50/50. Na tiki ndefu iliyofika mpaka kwenye kwato.

"Ami, nini hiki?"

"Nimemsahihishia upya. Huyo aliyempa kumi na mbili hana imani, mwanangu. Mtu kachora jiwe moja moja! Kakosea miguu tu, na kwa hilo sikumkata."

"Na sahihi?"

"Sahihi ipi? Ule mkwaruzo?"

Kaufuta. Pameandikwa jina langu, matatu kamili, kwa mwandiko wa ubaoni.

"Kazi isiyo na jina hupotea," akanieleza.

Rafiki yangu anakuja Maulidi. Ami kishaagiza nimpeleke Langoni, ana mawili matatu ya kumwelekeza juu ya magoti ya punda.