Kamba ya Mkonge Haikuwepo Mwaka 1888

Mwaka 2014 kituo cha ITV, hiki cha Uingereza na si kile cha Mikocheni, kilitoa picha ya kutangaza tamthilia ya Downton Abbey. Wahusika wamevaa mavazi ya miaka ya 1920, na nyuma yao, juu ya meko, imesimama chupa ya plastiki ya maji. Watazamaji waliiona mara moja. Waigizaji wakapiga picha nyingine, kila mmoja na chupa yake mkononi, kulisaidia shirika la misaada ya maji la WaterAid, na maneno yakaishia hapo.

Huku Uingereza kosa kama lile linavumilika. Mtoto wa Kiingereza amesomeshwa habari za karne ile na ametembezwa kwenye majumba yenyewe, na tamthilia nyingine kumi zipo za kumsahihisha. Mtoto wa Dunda au Magomeni pale Bagamoyo hana hizo kumi. Mchukue Abushiri, aliyewapiga vita Wadachi, yaani Wajerumani, pwani yetu mwaka 1888. Abushiri wa kwanza atakayemwona kwenye skrini ndiye atakayekaa naye hadi uzeeni. Ndiyo maana naona sisi wa Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, tunauhitaji usahihi kuliko wao, ingawa fedha wanazo wao. Tangu 2013 tamthilia ya hapa inayotumia wastani usiopungua pauni milioni 1 kwa kila saa inayorushwa inaweza kupata nafuu ya kodi, na London kuna nyumba ya kukodisha mavazi, Angels, iliyoanza mwaka 1840. Mtayarishaji wa Bagamoyo anaanza na fundi cherehani na jora la kitambaa.

Sisemi kila kitu kiwe sahihi kabisa. Muda ubanwe kadiri hadithi inavyotaka. Kutoka kampuni ya Wadachi kuchukua forodha mwezi Agosti 1888 hadi Abushiri kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889 ni miezi 16, na hakuna atakayedhulumika ikiwa vipindi sita vitaifanya ionekane miezi mitatu. Wafanyabiashara wanne wa Kihindi wanaweza kuwa mmoja. Netflix iliongeza maneno kwenye maelezo ya trela ya The Crown, tamthilia ya familia ya kifalme ya Uingereza, mwaka 2022 kwamba ile ni tamthilia ya kubuni. Sentensi moja ya namna hiyo mwanzoni mwa kila kipindi inatosha, na mtazamaji ataifurahia hadithi bila kudanganywa.

Ninachokishikilia ni vitu vya mkononi, kwa sababu ni rahisi kuvipata na mtazamaji wa pwani anavijua. Wengi wetu tunazifurahia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili bila kujua kama kilemba kile ni cha karne ile. Lakini mwonyeshe bibi wa Bagamoyo mwanamke wa 1888 aliyejitanda kanga yenye jina kwa herufi za Kizungu, na raha yote imekwisha. Majina kwenye kanga yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mvalishe kaniki, au leso isiyo na maandishi.

Kanzu za wanaume ndizo huharibiwa zaidi, maana hununuliwa dukani zikiwa za tetroni. Tetroni inang'aa juani, na kamera hailifichi hilo. Nunua marekani, kile kitambaa cha pamba, isiyopaushwa, kama mita 4 kwa kanzu ya mtu mzima, uishone ya mfuto, isiyo na darizi. Ifue mara mbili kwa sabuni ili dondo, yaani wanga wa kiwandani, litoke, la sivyo rangi haishiki. Chemsha gramu 100 za majani ya chai kwa lita 10 za maji, chuja, kisha uitumbukize ikiwa bado imelowa na kuigeuzageuza kwa nusu saa. Ikiingia kavu, au ikiachwa bila kugeuzwa, hutoka na mabaka. Ikikauka, sugua kwa msasa shingoni, kwenye viwiko na kwenye pindo la chini, kwani huko ndiko nguo huchakaa kwanza. Tetroni haiwezi kuokolewa kwa njia hii, kwa kuwa chai inapita tu.

Kwenye sini za bahari tazama kamba. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, vikiwa vichipukizi 62 tu vilivyonusurika kati ya 1,000. Kwa hiyo kamba ya mkonge ndani ya jahazi la Abushiri ni kosa, sawa na ile ya nailoni ya buluu. Weka kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Kwa sababu hiyohiyo, usipige picha msafara wa 1888 ukipita kando ya shamba la mkonge la Tanga, hata kama mistari yake inapendeza. Boma la Bagamoyo nalo ni la 1897, kwa hiyo liepukwe.

Halafu kuna maji. Pale Bagamoyo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likipwa, bahari inakwenda mbali na majahazi yanalala ubavu. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kufika saa nne asubuhi mchanga uko wazi. Sini iliyoanza maji yakiwa magotini haiwezi kumaliziwa baada ya chakula cha mchana. Chagua alasiri: bahari iko mashariki, jua liko mgongoni mwa kamera, na matanga yanapata mwanga mzuri. Ila maliza kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu kipaza sauti cha msikitini hakizimiki kwa ajili ya tamthilia, wala hakipaswi kuzimwa.

Hayo ni ya gharama ndogo. Lililo gumu ni la utumwa, na hapa Waingereza nao hawana la kutufundisha. Tamthilia zao nyingi za majumba makubwa hazisemi sukari ya nani ililipia ngazi zile. Ripoti ya mwaka 2020 ya National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, ilitaja majumba na maeneo yake 93 yaliyofungamana na ukoloni na utumwa. Sisi tuna kosa la upande mwingine: kila aliyebeba pembe tunamtia minyororo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliokuja pwani kwa ujira. Kila mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32, na mbele yao alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara. Walijivunia kazi ile. Soko la wazi la watumwa Bagamoyo mwaka 1890 nalo ni uongo, kwani Sultani Barghash wa Zanzibar aliyafunga masoko kwa mkataba wa 1873. Lakini nyumba ya tajiri isiyo na mtumwa hata mmoja ni uongo mkubwa zaidi. Abushiri mwenyewe alikuwa na mashamba ya miwa Pangani, na walioyalima walikuwa watumwa. Mwonyesheni hivyo, shujaa aliyepigana na Wadachi na bwana wa watumwa, mtu mmoja. Atakayeandika skripti ya namna hiyo atatupa tamthilia ambayo sijaiona huku wala huko.

Maneno yana kazi yake pia. Mhusika wa 1888 asiseme "changamoto". Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia uliolipwa kwa mtemi, kwa hiyo mpeni mtazamaji sini moja ya kulielewa kabla halijamponyoka kama rushwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaandika maisha ya Mrima kwa Kiswahili cha kwao, na kitabu kikachapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mwandishi wa skripti asikose kukisoma.

Na barua. Abushiri akionyeshwa akiandika, ni herufi za Kiarabu kwa kalamu ya tete, mkono unaanza kulia, na wino haujakauka anapofika kushoto. Mwalimu yeyote wa madrasa mtaani anaweza kumfundisha mwigizaji mistari mitatu ya namna hiyo kwa jioni mbili.