Daraja linalopisha jahazi

Kila mwezi wa nane watu wa nyumbani wakija London kutembea naona picha ileile Facebook, mtu kasimama na koti jipya mbele ya daraja lenye minara miwili, alaf chini kaandika "London Bridge". Jamani si hilo. London Bridge liko kwenye mto huohuo wa Thames ukipanda nao kidogo kuelekea juu, ni daraja la kawaida la zege, unaweza ukalivuka ukiwa unaongea na simu na usijue umelivuka. Lenye minara linaitwa Tower Bridge, kwa sababu ya ile ngome ya Tower of London iliyo kando yake. Na mimi sigombani kwa ajili ya jina tu, manake hilo la minara lina kitu London Bridge la sasa halina: katikati linapasuka, barabara yenyewe inainuka juu, meli inapita. Ukiliita jina la mwenzake umelinyang'anya kazi yake.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, nimekaa huku miaka sasa, na basi langu la kwenda kazini ni namba 78, linatoka Shoreditch linavuka Tower Bridge linaendelea upande wa Peckham. Mamangu alipokuja kunitembelea nikampandisha hilo basi, juu, siti za mbele kabisa, nikamwambia mama hapa utaiona London yote. Tulipofika mlango wa daraja taa zikawaka nyekundu, mageti yakafungwa, dereva akazima injini. Mama akanishika mkono, kuna nini. Nikamwambia tulia utazame. Basi ule mstari mweupe wa katikati ya barabara ukakatika pale mbele yetu, ukaonekana mwanya mwembamba, mwanga wa maji ukaingia kwa chini, halafu lami yote ikaanza kuinuka polepole bila kelele mpaka ikawa kama ukuta mbele ya kioo. Upande wa kushoto likatokea jahazi. Si meli ya maana, ni jahazi, yale ya zamani ya mto Thames yenye matanga ya rangi ya kahawia iliyoiva, tanga moja limekunjwa, watu kama kumi wamekaa juu. Likaja taratibu likapotea nyuma ya ule ukuta wa lami, kisha likatokea upande wa kulia mlingoti kwanza.

Nyuma yetu kuna bwana mmoja alikuwa anasonya na kutazama saa. Mama hajui Kizungu lakini kusonya anakujua, akaniuliza huyo ana nini, nikamwambia anachelewa kwa sababu ya jahazi. Akasema, "Sasa yeye si yuko barabarani, anaweza kuzunguka. Jahazi litazunguka wapi mwanangu?"

Nimeshasoma maandishi mengi kuhusu hili daraja na sijaona mtu aliyelieleza kwa ufupi kuliko hivyo. Historia yake yote ni hilo swali.

Manake hebu fikiria London ya miaka ya 1870. Upande wa mashariki umejaa watu, wafanyakazi wa bandari, viwanda, wahamiaji, na daraja la mwisho kabla ya bahari ni London Bridge, ukiwa mashariki zaidi ya hapo huna daraja tena. Mwaka 1882 walihesabu wanaovuka London Bridge wakapata wastani wa siku moja zaidi ya watu 110,000 kwa miguu na magari ya farasi zaidi ya 22,000. Kwa daraja moja! Watu wa mashariki walikuwa wanazunguka masaa. Kulikuwa na njia nyingine, bomba la chuma lililopita chini ya mto, Tower Subway, lilifunguliwa 1870, mwanzo lilikuwa na kibehewa cha kuvutwa kwa kamba lakini biashara ikafa ndani ya miezi michache likageuzwa la kutembea kwa miguu, unalipa nusu peni unaingia kwenye kile kibomba chembamba, na hata hivyo watu kama milioni moja kwa mwaka walilipa wakapita humo. Ukitaka kujua shida ya kuvuka ilikuwa kubwa kiasi gani angalia watu milioni moja wanaokubali kuingia kwenye bomba.

Kwa hiyo jibu rahisi ni jenga daraja, si ndio? Lakini kati ya London Bridge na Tower ndipo bandari ilipokuwa, meli zinatia nanga palepale katikati ya mji, chai, sukari, viungo, pembe za ndovu, kila kitu kinashushwa kwenye maghala ya kando ya mto, na hizo meli zina milingoti mirefu. Ukiweka daraja la kawaida kati ya hapo na bahari umeziba mlango wa duka la watu. Wenye maghala wakakataa katakata. Na walikuwa na haki. Wale wa barabara nao walikuwa na haki, na mimi hapo ndio napenda hii hadithi, kwa sababu hakukuwa na mbaya na mzuri, kulikuwa na watu wa maji na watu wa nchi kavu na wote wanatafuta riziki.

Mwaka 1876 ikaundwa kamati, wakaitisha michoro, ikaletwa zaidi ya hamsini. Hata Joseph Bazalgette, yule injinia aliyeijengea London mabomba ya maji machafu, naye alileta wake ukakataliwa, meli zisingepita vizuri. Mabishano yakaenda mpaka 1884 ndio wakakubaliana na mchoro wa Horace Jones, msanifu wa majengo wa City, ile sehemu kongwe ya London yenye baraza lake lenyewe, akisaidiana na injinia John Wolfe Barry. Bunge likapitisha sheria 1885, na sheria yenyewe ikasema uwazi wa katikati uwe futi 200, yani mita 61, na daraja likifunguka meli ipate nafasi ya futi 135 kwenda juu. Yani kabla hata jiwe halijawekwa haki ya mwenye mlingoti ilishaandikwa kwenye sheria. Pia wakaambiwa lifanane na ngome, ndio maana lina ile sura ya kasri la kale, lakini usidanganyike na yale mawe, ndani ni chuma, zaidi ya tani 11,000, mawe yamevalishwa tu kama kanzu.

Ujenzi ulianza 1886 ukachukua miaka minane. Jones mwenyewe alifariki 1887, hakuliona. Wafanyakazi 432 kwa jumla, na kumi kati yao walikufa kazini. Lilifunguliwa tarehe 30 Juni 1894, akaja mtoto wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Saba, na gharama ilikuwa pauni 1,184,000.

Namna lilivyokuwa linafanya kazi nieleze kidogo maana ni akili sana. Yale mabawa mawili ya barabara kila moja lina zaidi ya tani elfu moja, huwezi kuliinua kwa nguvu tu. Kwa hiyo kila bawa lina mkia unaoingia ndani ya nguzo, na kwenye mkia wamejaza chuma na madini ya risasi, mamia ya tani, ili pande mbili zikaribie kulingana kama mizani ya sokoni, ukisukuma kidogo tu linakubali. Wale wanaoshuka kule ndani ya nguzo, chini ya usawa wa maji, wanakuta chumba kikubwa kitupu, na utupu huo ndio nafasi ya mkia kushukia daraja likipanda. Na nguvu ya kusukuma ilitoka kwenye maji. Injini za mvuke zilikuwa zinachoma makaa na kupampu maji yakanyanyue mizigo mizito sana, ile mizigo inakaa juu inasubiri, ni kama tangi la juu ya nyumba kwetu, unapampu pole pole usiku kucha lakini asubuhi ukifungua mfereji maji yanakuja kwa nguvu zote mara moja. Meli ikija wanafungulia tu, mizigo inashuka, maji yanasukuma mashine, mabawa yanapanda kwa kama dakika moja. Kazi hiyo ya mashine za maji ilifanywa na kampuni ya Armstrong ya Newcastle. Mwaka 1976 ndio wakahamia kwenye mafuta na umeme, lakini zile injini za zamani bado zipo, zimepakwa rangi zinang'aa, unaweza kwenda kuziona.

Mwaka wa kwanza tu lilifunguliwa zaidi ya mara 6,100. Gawanya mwenyewe, ni kama mara kumi na saba kwa siku. Na pale juu kati ya minara waliweka njia za kutembea ili mtu asisubiri, apande juu avuke. Unajua kilichotokea? Watu hawakuzitaka, walipenda kusimama chini watazame meli inavyopita, kule juu wakabaki vibaka na wanawake wa kujiuza mpaka njia zikafungwa 1910, zikakaa hivyo hadi 1982. Hiyo nimeiamini kwa macho yangu kwa sababu hata leo taa nyekundu ikiwaka nusu ya watu wanatoa simu wanapiga video.

Siwezi kuandika habari hii bila Albert Gunter, dereva wa basi langu la 78, si langu la sasa, la mwaka 1952. Tarehe 30 Disemba jioni anaelekea Shoreditch na abiria ndani, mlinzi hakutoa ishara, akiwa katikati akaona barabara mbele yake inaanza kushuka, kumbe si mbele inashuka, ni yeye anayepanda, bawa la kusini limeshaanza kuinuka na basi liko juu yake. Hakufunga breki. Akakanyaga mafuta, basi la ghorofa likaruka likaangukia bawa la kaskazini ambalo lilikuwa halijaanza kupanda. Walipona. Akapewa zawadi ya pauni kumi na siku ya mapumziko. Mimi kila basi likipita ule muungano wa chuma wa katikati, linatoa mlio wa kishindo kidogo, tak-tak, huwa namkumbuka.

Sasa jambo linalonifanya niandike. Bandari ilihama, makontena yakapelekwa Tilbury, kule mto unakokaribia bahari, maghala ya kando ya daraja leo ni nyumba za bei mbaya na mikahawa, na daraja linafunguliwa kama mara 800 kwa mwaka tu, zaidi ni majahazi ya kutembeza watu na meli za wageni. Kazini kwangu kuna wenzangu wanauliza kwa nini lisifungwe moja kwa moja, eti mtu na jahazi lake la starehe anasimamishaje mabasi, teksi, ambulansi. Likikwama ndio usiseme, Agosti 2021 lilikwama juu masaa kadhaa, mji wote ukalalamika. Naelewa. Mimi mwenyewe nimeshachelewa shifti kwa sababu yake.

Lakini nakataa. Mpaka leo mwenye chombo chenye mlingoti wa zaidi ya futi 30 anaomba saa 24 kabla, anafunguliwa, halipi hata senti, na magari yote yanamsubiri. Mara mbili kwa siku, dakika chache, ndio bei ya ahadi iliyotolewa 1885, na sioni kwa nini ahadi ife kwa sababu wanaoidai sasa ni wachache. Halafu daraja la kufunguka lisipofunguka linaoza. Newcastle kulekule kwa Armstrong kuna daraja lake la kuzunguka la 1876, zuri ajabu, na miaka hii ya karibuni limekuwa halizunguki tena, limesimama tu mtoni kama daraja lolote.

Na hela isiwe kisingizio. Tower Bridge halikujengwa kwa kodi, na kulivuka ni bure. Lilijengwa kwa mfuko wa madaraja wa City, ulioitwa Bridge House Estates, tangu 2023 unaitwa City Bridge Foundation, uliotokana na ushuru wa kuvuka na mashamba na nyumba walizoachiwa na watu waliokufa tangu zama za London Bridge la mawe, karne za kati huko. Mfuko huo bado unatunza madaraja matano na tangu 1995 hela inayobaki inasaidia masikini wa London. Watu waliweka akiba ya daraja ambalo hawatalivuka wao! Sisi wa Likoni tunaovuka feri bure kwa miguu tunajua thamani ya kitu kama hicho.

Na feri yetu pia inapisha. Meli ikiingia Kilindini feri zote zinasubiri, hakuna anayebishana, tumekulia hapo. Lilipowekwa lile daraja la kuelea la Liwatoni wakati wa korona nalo likatengenezwa lifunguke katikati meli zipite. Ndio maana mama hakushangaa. Jahazi lilipomaliza kupita, lami ikashuka, mstari mweupe ukaungana tena, dereva akawasha, na yeye akawa amegeuza shingo kulia bado analitazama lile tanga.

Ratiba ya kufunguliwa wanaiweka wazi, siku, saa na jina la chombo. Ukija London iangalie kabla hujatoka, panda 78 kutokea Shoreditch, kaa juu mbele upande wa kushoto.