Bosi na Mkato Usiofutika

Wazo lilikuwa la mwenzangu: mtu akiandika kiasi cha pesa kwenye programu yetu ya simu, mikato ijipange yenyewe papo hapo. Andika 1000, uone 1,000. Siku ya kuwaonyesha wageni, bosi akakataa katakata kusaidiwa. "Kama mimi siwezi, mteja ataweza?" Akaishika simu.

Akaandika 12500. Ikajipanga: 12,500. Akawatazama wageni kama vile yeye ndiye aliyeibuni mikato. Halafu akaona alitaka 13,500, akagusa baada tu ya mkato na kubonyeza kufuta.

Mkato ukafutika. Programu ikaona elfu haina mkato, ikaurudisha. Bosi akagusa tena, akafuta. Ukarudi. Sasa, bosi wetu si mtu wa kushindwa na alama ya uandishi mbele ya wageni. Akabonyeza mara mbili kwa nguvu. Tatizo ni kwamba kila kitufe kikiguswa, programu iliyaandika maandishi yote upya na kishale, yaani alama ya mahali unapoandikia, kikarukia mwisho. Kwa hiyo pigo la kwanza liliondoa mkato (ukarudi), la pili likala sifuri ya mwisho. Ikabaki 1,250.

"Pesa zangu zinakwenda wapi?" akauliza.

Mgeni mmoja akajitolea kujaribu kwenye simu yake, ambayo mpangilio wake ulikuwa wa Ujerumani. Huko nukta ndiyo hutenga maelfu na mkato hutenga senti, na kibodi yake ya namba ilikuwa na mkato tu, nukta haipo. Akaandika 12,50, yaani kumi na mbili na nusu. Programu yetu huichukulia mikato yote kuwa mapambo, ikautupa ule mmoja na kuandika 1,250. Mgeni akairudisha simu mfukoni polepole, jinsi mtu anavyoficha pochi. Mwingine akauliza yeni ya Japani itakuwaje, maana haina senti, na dinari ya Kuwait ambayo hugawanywa mara elfu. Bosi akasema ni wakati wa chai.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Kiasi kihifadhiwe kama namba kamili ya sehemu ndogo kabisa ya sarafu husika, mikato iwekwe mtu akishamaliza kuandika na kutoka kwenye kisanduku, na alama zifuate mpangilio wa simu. Ilifanya kazi vizuri mno. Vizuri kiasi kwamba mwenzangu, kwa furaha, akaipachika kwenye visanduku vyote vya namba.

Mwaka wa kuzaliwa wa bosi ukawa 1,968. Namba yake ya simu ikasomeka kama deni la taifa. Hayo tungeyavumilia, ila programu ikakataa watu kuingia. Namba ya siri ni tarakimu nne, nayo huonyeshwa kwa vitone, kwa hiyo mkato haukuonekana, kila mtu aliandika nne akaona vitone vitano, kisha akaambiwa, "Namba ya siri ni ndefu mno."

"Wewe jaribu," bosi akaniambia.

Yangu huanza na sifuri. Nikaiandika, nikatoka kwenye kisanduku. Namba haianzi na sifuri, programu ikaamua, ikaiondoa. Vitone vitatu.

"Namba ya siri ni fupi mno."