Norwei nendeni Machi, Julai waachieni wenye meli

Wengi wanaotaka kwenda kutalii Norwei huwa wameshaamua kabla hata ya kuuliza: Geiranger, mwezi wa Julai. Siwalaumu. Ghuba ile ina urefu wa kilomita 15, milima imesimama wima pande zote mbili, maporomoko ya maji yanamwagika hadi baharini, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia pamoja na mwenzake Nærøyfjord. Uzuri wake sina ubishi nao. Ubishi wangu ni huo mwezi. Julai meli kubwa za kitalii zinateremsha maelfu ya watu kwenye kijiji chenye wakazi mia chache tu. Foleni ya kahawa, foleni ya choo, na chumba kimoja bei yake inakutoa machozi.

Kama visa ya Schengen umeihangaikia na nauli umeidunduliza, ushauri wangu ni mmoja: visiwa vya Lofoten, kaskazini ya Duara la Aktiki, mwezi wa Machi.

Najua, baridi. Lakini pwani ile inapashwa na mkondo wa maji ya joto kutoka Atlantiki, kwa hiyo Machi kipimo huzungukazunguka kwenye sifuri, leo juu kidogo, kesho chini kidogo. Kinachotesa ni upepo, na upepo dawa yake ni koti zuri. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: ikifika tarehe 20 hivi, jua linachomoza kama saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili jioni, sawa na Mombasa. Julai, hadi katikati ya mwezi, halizami kabisa. Jua la usiku wa manane linasifiwa mno, lakini jaribu kulala huku linakupiga usoni saa nane za usiku, au ukae ukijiuliza Magharibi inaingia lini. Machi usiku ni usiku, na mbingu zikiwa safi utaziona zile taa za kijani za kaskazini, aurora, zikicheza angani, ambazo Julai huzioni hata ulipe nini.

Ila sababu yangu kubwa ni samaki.

Kuanzia Januari hadi Aprili, skrei hushuka kwa mafungu makubwa kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai Lofoten. Ni samaki mkubwa wa maji baridi, nyama yake nyeupe. Machi msimu umepamba moto. Svolvær, Henningsvær, Reine, bandari zote ziko kazini: mashua zinaingia, samaki wanapasuliwa, wanafungwa wawiliwawili mikiani na kutundikwa kwenye vichanja vya miti. Hakuna chumvi, hakuna moshi. Upepo na baridi ndivyo vinavyokausha, mpaka kwenye Mei. Sisi tuliozoea ng'onda na papa wa chumvi tunadhani bila chumvi samaki ataoza. Pale baridi haiwapi nzi nafasi, na samaki anakauka hadi ukimgonga analia kama ubao. Vichanja vyenyewe ni vikubwa, vingine vina umbo la paa la nyumba, na ukisimama chini yake unaona samaki tu juu yako. Harufu ipo, nisikudanganye.

Na tazama kazi ya watoto. Wanakaa kwenye ghala baada ya shule, mbele yao msumari mrefu uliosimama. Kichwa cha samaki kinachomekwa pale, kisu kinapita, ulimi unaanguka kwenye ndoo. Ndimi hizo ni chakula cha kifahari, na pesa ni ya mtoto mwenyewe. Mtoto hodari anajikusanyia hela ambayo mtu mzima angeitolea macho. Vichwa navyo havitupwi, vinakaushwa na kusafirishwa Nigeria kwa ajili ya mchuzi. Samaki mzima mnunuzi wake mkubwa ni Italia, na uhusiano huo ni wa zamani: mwaka 1432 nahodha wa Venice, Pietro Querini, alikwama na mabaharia wake kisiwa cha Røst baada ya meli kuharibika, wavuvi wakawatunza, naye akarudi kwao na samaki mkavu.

Hayo yote Julai huyakuti. Utakuta vichanja vitupu na watu wakipiga picha.

Kufika kwake, mimi napendelea treni. Oslo hadi Trondheim, kisha treni ya usiku hadi Bodø, kilomita 729 ukivuka Duara la Aktiki kwenye nyanda za Saltfjellet. Kutoka Bodø kuna kivuko hadi Moskenes. Upepo ukichafuka kivuko hakiondoki, basi usipange ndege ya kurudi siku moja na kivuko. Malazi chukua rorbu, vile vibanda vyekundu vya wavuvi vilivyojengwa juu ya nguzo majini, kwa sababu vingi vina jiko. Mkahawani kuleni mara moja tu, tena kuleni mølje: samaki wa kuchemsha, ini lake na mayai yake, pamoja na viazi. Siku nyingine pikeni wenyewe. Maji ya bomba ni ya kunywa, msinunue ya chupa.

Mlima Reinebringen, wenye ngazi za mawe karibu 2,000 zilizojengwa na Masherpa kutoka Nepal, Machi uacheni. Theluji huporomoka pale. Picha pigeni kutoka darajani Reine. Milima inaonekana kutoka pale.