Kabla ya kumfunga fundi, tupime nondo

Ukuta ukipasuka Tanga, wa kwanza kutajwa ni fundi. "Kalamba saruji huyo," na mazungumzo yanaishia hapo. Wapo wanaotaka fundi yeyote wa mtaani asiye na cheti azuiwe kujenga, na akikaidi ashtakiwe. Hoja yao ina uzito. Nimeshuhudia fundi akiuza mifuko miwili ya saruji ya tajiri wake kabla jua halijapanda. Nimeona pia zege likiongezwa maji mpaka linatiririka kama uji, kwa kuwa zege jepesi halichoshi kulimwaga. Likikauka linabaki na vitundu na nguvu yake imekwenda. Huo ni wizi na uzembe, siutafutii jina jingine.

Lakini jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoanguka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, lilikuwa la ghorofa 16. Idadi ya ghorofa haipangwi na mwashi. Yeye anaambiwa apandishe, anapandisha, na siku ya kuporomoka yeye ndiye aliye chini.

Ndugu yangu alikuwa anajenga Mikanjuni, hapa Tanga. Siku ya kusuka nguzo, fundi wake, mzee wa makamo, alishika nondo moja iliyotoka dukani, akaipitisha kiganjani, akasema, "Mwanangu, hii siyo kumi na mbili." Tukambishia, maana risiti ilisema milimita 12. Akatuomba twende kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, inatakiwa iwe na kilo 10.6 hivi. Yetu ilisoma 8.9.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu husikia tofauti ya milimita moja wakaipuuza. Nguvu ya nondo haiendi na unene peke yake, inakwenda na unene uliozidishwa kwa wenyewe. Kumi na mbili mara 12 ni 144. 11 mara 11 ni 121. Umepunguziwa milimita moja, umepoteza asilimia 16 ya chuma ulicholipia. Ukiuziwa ya 10 kwa jina la 12, umepoteza asilimia 31. Nguzo ya nondo nne hapo ina chuma kisichofika hata cha nondo tatu, na hakuna ufundi duniani wa kuirudishia. Na huku kwetu ni pwani: chumvi ya hewani, na ya mchanga wa baharini wanaoununua wengi kwa urahisi wa bei, inaingia kwenye zege. Chuma kikishika kutu kinavimba, kinabandua zege kwa ndani, na nondo nyembamba haina cha ziada cha kuliwa.

Dukani walitubadilishia bila kuuliza swali. Kesho yake rundo lile bado lilikuwa nje, bei ileile. Yule mzee angenyamaza, linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ikipasuka baadaye angelaaniwa yeye.

Tajiri naye ana lake. Zege linahitaji kumwagiliwa maji siku saba angalau. Yeye analalamikia bili. Mirunda, ile miti inayoshikilia zege mpaka likomae, ni ya kukodi, basi siku ya nne anataka ing'olewe. Fundi akikataa, kesho analetwa mwingine mwenye bei ya chini.

Kuhusu vyeti, sivipingi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inawapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti, na wengi wakienda itasaidia. Bodi ya Usajili wa Makandarasi nayo ipo kwa sheria ya mwaka 1997, ila nyumba ya vyumba vitatu ya Kange, hapa Tanga, inayojengwa kidogo kidogo haina mkandarasi wa kumwajibisha. Ukaguzi ungeanzia dukani, kwenye rundo la nondo, ungewagusa wajenzi wote kwa mara moja, wakubwa na wadogo.

Anayejenga wiki hii asingoje mkaguzi. Nunua nondo moja kwanza, ipeleke kwenye mizani. Ya milimita 12 isome karibu kilo 10.6, ya milimita 10 karibu 7.4. Ikipungua kilo nzima, irudishe kabla haijafungwa ringi, vile vyuma vya kuzishikanisha nondo, na fundi wako awepo akiona.